Mama Pazia na Ndoana Zake za Sindano

Wafiwa wenzangu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi chini ya turubai hili, mimi ni shemeji yake marehemu, mdogo wake mume, yule fundi saa wa karibu na stendi, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake, na sababu niliyopewa ni kwamba nina miwani mizuri, ingawa nadhani sababu yenyewe ni kwamba mwingine yeyote wa nyumba hii angefika mstari wa tatu tu akaanza kulia.

Nitasoma kwa mpangilio, kuanzia kuzaliwa hadi mwisho, lakini kabla sijaanza nataka kusema jambo moja waziwazi, kwa sababu tangu juzi kuna swali linalozunguka kwenye viti vya nyuma, linaulizwa kwa sauti ya chini kana kwamba sisi wa mbele hatuna masikio, kwamba mume alikuwa wapi mkewe akikata roho, na jibu linalozunguka pamoja nalo ni kwamba alikuwa ameketi baharini anavua samaki. Jibu hilo ni la kweli, nalithibitisha mimi mwenyewe, ila ni nusu tu ya jibu, na nusu ya pili nitaifikia mahali pake, naomba mnivumilie, maana kaka yangu ameketi hapa mbele yenu na sitaki aondoke leo akiwa amebeba nusu hiyo ya kwanza peke yake.

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Mama Pazia, alizaliwa tarehe 11 Agosti 1953, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa bandari, akiwa mtoto wa nne wa mlinzi wa ghala na mkewe aliyekuwa mshona magodoro, na kwa kuwa magodoro yalishonwa sakafuni katika chumba hichohicho walicholala, alijifunza kutambaa katikati ya pamba, na kazi yake ya kwanza hapa duniani ilikuwa kutafuta sindano zilizopotea ndani ya magodoro kwa kipande cha sumaku kilichotolewa kwenye spika ya redio mbovu, kazi aliyoifanya vizuri kuliko kaka zake wote, na aliyoisimulia mpaka uzeeni kama mtu anayesimulia cheo.

Alianza masomo ya msingi mwezi Januari 1961 katika shule iliyokuwa nyuma ya ghala la baba yake, akamaliza mwaka 1967, na walimu wake walimkumbuka kwa mambo mawili, hesabu nzuri na pini za ubao wa matangazo, kwa kuwa pini hizo zilikuwa zikiisha na kuonekana tena zikiwa zimekunjwa vichwa, na alipobanwa alieleza tu kwamba alitaka kuona chuma kinakubali kiasi gani kabla ya kukatika. Mwaka 1969 alijiunga na chuo cha ushonaji, akahitimu Desemba 1970 akiwa na cheti cha ushonaji wa mapazia na vifuniko vya viti, na tarehe 1 Februari 1971 akaajiriwa katika karakana ya mapazia iliyokuwa ghorofani juu ya duka la viatu, kazi aliyoifanya bila kuhama hata siku moja mpaka alipostaafu tarehe 31 Julai 2010.

Wengi wenu hamkuiona karakana ile ilivyokuwa zamani, na mimi nikiikumbuka moyo unanilegea, ile meza ndefu ya kukatia iliyochubuka kingo kwa mikasi, cherehani zilizopangwa mstari mmoja chini ya madirisha, mabomba ya pazia ya alumini yamesimamishwa kwenye kona kama wanafunzi waliochelewa, magunia ya pete, mikebe ya vipande vya madini ya risasi vya kushonea kwenye pindo ili pazia lining'inie vizuri, na harufu ya kitambaa kipya iliyokufuata mpaka nyumbani, halafu nje ya madirisha, ng'ambo ya barabara, ukuta wa bahari na maji yake. Watu wengine waliokaa kwenye madirisha yale waliona mandhari, lakini shemeji yangu aliona kwamba upande huu wa barabara kuna sindano, uzi, pete, mabomba na vizito, na upande wa pili kuna samaki, na katikati hakuna kitu isipokuwa barabara.

Alianza kuvua mwaka 1972, wakati wa mapumziko ya mchana, baada ya kusimama mbele ya kioo cha duka la zana za uvuvi akaona ndoana zilizopangwa juu ya kitambaa cheusi kama mapambo ya bibi harusi, akaangalia bei, akarudi zake karakanani akisema ndoana ni sindano tu iliyofunzwa adabu, na kwamba adabu yeye anaweza kufundisha mwenyewe. Alichukua sindano ya kushonea magodoro ya mama yake, akaipasha kwenye jiko la mafuta ya taa mpaka ikawa nyekundu, akaiacha ipoe polepole, akaikunja kwa koleo, akachonga jino lake kwa tupa, na tundu la kufungia hakuhitaji kulitengeneza kwa kuwa sindano huja na tundu lake. Samaki wa kwanza aliyeuma alikuwa mkubwa, wafanyakazi wenzake wakaacha kula wakasimama madirishani kumshangilia, naye akavuta, mshipi ukalegea, na ndoana ikarudi juu ikiwa imenyooka kabisa, yaani samaki alikuwa amemrudishia sindano yake. Alikuwa amesahau kuipasha tena na kuichovya kwenye mafuta ili chuma kikaze, kosa ambalo hakulirudia maishani, ingawa wenzake walimtania kwa miaka kwamba yule samaki alikuwa fundi magodoro.

Kuanzia hapo hakununua kitu. Fimbo yake ya kuvulia ilikuwa bomba la pazia lenye waya wa mwamvuli kwenye ncha ili ipate kunyumbulika, mshipi ulipita ndani ya pete za pazia alizozifunga kwa uzi wa cherehani kisha akazipaka rangi ya kucha, maboya aliyakata kutoka kwenye kandambili kuukuu, na kwa chubwi, yaani kile kizito cha kuzamishia ndoana, alitumia plagi zilizokufa alizookota kwa fundi magari. Na alikuwa na ujanja mmoja ambao nataka muukumbuke, kwamba chubwi hakulifunga kwa mshipi wa nailoni bali kwa uzi dhaifu wa pamba, ili likinasa kwenye mawe uzi ukatike, plagi ibaki huko chini, na ndoana na samaki warudi nyumbani, maana alikuwa akisema mtu asiyejua cha kuachia hurudi hana chochote, na wakati ule mimi nilidhani anaongea kuhusu plagi.

Alikutana na kaka yangu mwezi Mei 1973. Kaka alikuwa msoma mita wa Idara ya Maji, kijana mwenye miguu mirefu na daftari kwapani, aliyetembea mitaa yote ya mji huu nyumba kwa nyumba, na siku hiyo mita ya karakana ilikuwa chini ya ngazi nyuma ya gunia la plagi, akauliza kwa ukali gunia ni la nani, na mwenye gunia akashuka, akaliondoa, akachungulia ile mita, kisha badala ya kuomba radhi akamuuliza vile vipande vya risasi vya kufungia mita, vikikatwa wakati wa matengenezo, huwa vinakwenda wapi. Kaka alijibu vinatupwa. Akaambiwa visitupwe tena. Tangu wiki ile mifuko ya suruali ya kaka yangu ilianza kutoboka kwa uzito, mama yetu akashona na kushona, mwisho akaniuliza mimi, kaka yako ana matatizo gani, nikamwambia ana mchumba, maana wenzake walikuwa wakipeleka maua na yeye alikuwa akipeleka vyuma chakavu, na vilipokelewa kwa furaha ambayo maua hayajawahi kuipata.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1974, na siku ya pili yake, Jumapili alasiri, walikuwa kwenye ukuta wa bahari, bibi harusi akivua na bwana harusi akiwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameipa bahari mgongo, anasoma gazeti. Ndivyo walivyokaa kila Jumapili kwa karibu miaka arobaini, kwa kuwa kaka hakutaka kabisa kuvua, alisema chambo kinamtia kichefuchefu na kwamba yeye ni mtu wa kutembea, hajazaliwa kukaa akimsubiri mnyama asiyemfahamu, lakini hakukosa kwenda, na kama mvua ilinyesha alishika mwamvuli juu ya kichwa cha mkewe kwa mkono mmoja na gazeti kwa mkono mwingine. Mimi nilikuwa nikiwapita pale na baiskeli, namsalimia shemeji kwa matusi yetu ya kawaida, yeye ananiita Bwana Dakika na kunihesabia dakika nilizochelewa kwenda kanisani au popote nilikokuwa nikienda, na hata sasa nikifumba macho nauona ule ukuta, nawaona wawili hao, mmoja ameelekea huku na mwingine kule, migongo ikigusana.

Mungu aliwajalia watoto watatu, kifunguamimba wa kike aliyezaliwa tarehe 20 Februari 1976, wa pili wa kiume tarehe 3 Septemba 1979, na kitindamimba wa kiume tarehe 28 Aprili 1984, na wote watatu wanaweza kuwathibitishia kwamba walikua katika nyumba ya fundi mapazia ambamo pazia la sebuleni lilishikiliwa kwa pini za nepi, kwa sababu pete zake zilikuwa kazini baharini. Vijiko vilipotea jikoni vikarudi vikiwa vimekatwa na kung'arishwa kuwa samaki wa bandia, kandambili za watoto zilikuwa na matundu ya mviringo kwenye visigino, na siku ya harusi ya kifunguamimba, tarehe 9 Agosti 2003, manyunyu yalipoanza, mwamvuli mweupe uliokodishwa kwa heshima ya siku ile ulifunguliwa ukatanuka upande mmoja tu kwa kukosa waya, bibi harusi akamgeukia mama yake mbele ya wageni wote, na mama yake akatazama juu kama anayekagua hali ya hewa. Tulikuwa tukila samaki na tukicheka, hilo ndilo ninaloweza kusema juu ya miaka ile, na sikujua kwamba tulikuwa na raha kiasi kile.

Asubuhi ya Jumatatu tarehe 2 Juni 2014, kaka yangu akiwa ananyoa ndevu, alipatwa na kiharusi kilichochukua mkono wake wa kulia, nusu ya mguu wa kulia, na sehemu kubwa ya maneno yake. Alirudi kutoka hospitali akiwa hai, tukashukuru, lakini alipolazwa kitandani alielekeza kidole dirishani, tukadhani anataka hewa, kumbe alitaka pazia lifungwe, na likafungwa, likabaki limefungwa mchana kutwa siku baada ya siku, kwa kuwa mtu aliyezifahamu nyumba zote za mji huu kwa miguu yake hakutaka mtu yeyote ampite barabarani akamwona. Shemeji yangu, aliyeshona mapazia maisha yake yote, alikaa kwenye chumba kile chenye giza la pazia aliloshona kwa mikono yake, akimlisha mumewe, akimsomea gazeti, na bahari hakuikanyaga. Sisi tulikuja na chakula, tukaja na sala, tukaja na madaktari wa mazoezi, kaka akageukia ukutani, na nilianza kuamini, Mungu anisamehe, kwamba tumeshamzika.

Mwezi Oktoba mwaka uleule shemeji alikuja dukani kwangu, akavua viatu kama kawaida yake, akasema mtu huyu hawezi kuitwa wala kusukumwa, anahitaji kitu cha kumvuta, na akaomba gurudumu lenye meno kutoka kwenye saa ya ukutani. Nilimwambia saa ile ni ya mteja. Akasema mteja ana saa nyingine mkononi, amemwona. Alikuwa anatengeneza zana ambayo mtu wa mkono mmoja wa kushoto anaweza kuvulia peke yake bila kurushiwa mshipi na mtu mwingine kama mtoto, na alivyoitengeneza ni hivi, alichukua kiti cha ofisini chenye magurudumu kilichotupwa na karakana, ili kaka akisukume akiwa anatembea na akikalie akifika, upande wa kushoto akafunga gurudumu la cherehani ya mkono lenye mpini wake, na juu ya gurudumu hilo akazungusha mshipi, kwa hiyo kuvuta samaki ikawa kazi ileile ya kushona, kuzungusha tu, na meno ya saa yangu yakazuia lisirudi nyuma.

Shida ilikuwa namna ya kuifikisha ndoana mbali bila kurusha, na hapo alitumia maji yenyewe. Alikata kipande cha lile boksi jeupe la povu la kufungia redio, kikawa boya, chini yake akaning'iniza kitambaa cha bitana kilichotanuliwa kama pazia lililofungwa, na maji yanapokupwa huenda nje kwa nguvu kando ya ule ukuta, yanakishika kitambaa, yanalichukua boya pamoja na ndoana mpaka mbali ambako kijana yeyote wa mji huu asingeweza kurusha. Kitambaa kilitanuliwa kwa uzi mmoja dhaifu wa pamba, ili samaki akiuma na mvuaji akivuta kwa nguvu, uzi ukatike, kitambaa kijikunje, na kurudi kuwe rahisi. Uzi mmoja, fundo moja, na lazima lifungwe upya kila mara kabla ya kushusha majini.

Jaribio la kwanza lilifanyika Jumamosi tarehe 22 Novemba 2014, nami nilikuwepo, na sijui alimwambia nini kaka mpaka akakubali kutoka, nadhani alikubali ili tu tumwache, tukamfikisha ukutani, akaketi, na fundi wetu ambaye alikuwa amefikiria kila kitu hakuwa amefikiria kwamba kiti chenye magurudumu kwenye mteremko hutembea. Kilitembea. Kaka yangu alisafiri kandokando ya bahari akiwa ameketi wima na fimbo ya kuvulia mbele yake kama balozi, shemeji akimkimbilia, mimi nikimkimbilia shemeji, mpaka akasimamishwa na pipa la takataka, na hapo, baada ya miezi mitano ya maneno mojamoja yaliyovunjikavunjika, akageuka akamtolea mkewe sentensi nzima, kamili, yenye kiima na kiarifu, ambayo siwezi kuisoma mbele ya wazee. Shemeji alikaa chini palepale barabarani akacheka mpaka akalia, kisha akalia tu, na siku ya pili magurudumu yalikuwa na vizuizi vya kandambili.

Samaki wa kwanza wa kaka yangu alivuliwa tarehe 10 Januari 2015, changu mdogo ambaye mtu mwenye huruma angemrudisha, naye hakumrudisha, alimtundika kwenye mkono wa kiti na akakataa njia fupi ya kwenda nyumbani, akatupitisha mitaa yote aliyokuwa akisoma mita, polepole, akisukuma kiti chake, akisimama mbele ya kila lango ambalo zamani aligonga, na watu wakatoka wakamsalimia. Alipofika nyumbani, pazia la chumbani alilifungua mwenyewe. Kuanzia siku hiyo walikuwa wavuvi wawili, na gazeti likawa la kufungia chambo.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho kaka hakuweza, nacho ni lile fundo, kwa kuwa fundo la uzi mwembamba linataka mikono miwili, na kwa miaka zaidi ya minane shemeji alikuwa akiinama kila mara, analifunga, analijaribu kwa kidole, halafu anamwambia haya, nenda, na boya linakwenda.

Ugonjwa wake ulianza mwezi Machi 2022, kwa miguu kuvimba na pumzi kuwa fupi, na madaktari wakagundua kwamba moyo ulikuwa umechoka kusukuma damu, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa, na tarehe 3 Oktoba mwaka huu wa 2023 akalazwa katika wodi ya wanawake, ghorofa ya tatu. Kaka akahamia kwenye benchi la korido. Alikaa pale kutwa, hakutaka kula, hakutaka kuzungumza, na shemeji, ambaye kutoka kitandani kwake alikuwa akimwona kupitia mlango uliofunguliwa, aliniambia kwamba anajua anachokiona, huyu mtu anaanza kufunga pazia tena. Hakuogopa kufa, nasema hivi kwa kuwa nilikuwa nimeketi naye na tulikuwa hatufichani, aliogopa kwamba atakapokwenda, kaka yangu atarudi kwenye kile chumba na hakutakuwa na mtu wa kumtoa.

Wauguzi wa wodi ile mtakumbuka kwamba mliwakuta wazee wawili wakicheza na uzi, mkacheka, mkadhani ni mapenzi ya uzeeni, na mlikuwa hamjakosea, lakini pia yalikuwa masomo. Alifunga uzi wa pamba kwenye chuma cha kitanda akamfundisha mumewe kufunga lile fundo kwa mkono wa kushoto na meno, akamfundisha asubuhi, akamfundisha jioni, kaka akikasirika anautema, yeye anaurudisha, mpaka Jumatatu tarehe 16 Oktoba alipolifunga, likashika, likakatika pale tu lilipotakiwa kukatika.

Jumanne tarehe 17, mchana, shemeji aliuliza maji yanaanza kukupwa saa ngapi, nikamwambia saa nane, akamwita kaka akamwambia aende ukutani, peke yake. Kaka alikataa. Akamwambia utakwenda au nitashuka kitandani nikupeleke, na nyote mlimfahamu, kaka akatazama ile mipira ya dawa mikononi mwa mkewe, akaona kweli atashuka, akaenda. Kabla hajatoka, mkewe alimshika ule mkono wa kulia usiohisi, akaushika kwa muda, kisha akamwambia haya, nenda.

Saa tisa kasoro hali ilibadilika. Daktari alitwambia, mimi na kifunguamimba wake, kwamba tuwaite wa karibu, nami nikachukua simu, na shemeji aliyekuwa amefumba macho akayafumbua akasema nisimpigie mumewe. Alisema kwa pumzi ya vipandevipande, lakini maneno yalikuwa haya, kwamba akiitwa sasa atakuwa na sababu ya kutorudi ukutani maisha yake yote, kwamba aachwe mpaka maji yaishe kutoka. Binti yake alikuwa amemshika miguu, akanitazama, akatikisa kichwa, nikaiweka simu mfukoni. Basi mwenye kutaka mtu wa kulaumiwa, nipo, nimesimama hapa, nimevaa suti ya kijivu.

Dirisha la wodi ile linaangalia ukuta wa bahari, mbali kidogo, na aliniambia niende dirishani nimweleze. Nikamwambia ameketi. Nikamwambia ameinamisha kichwa, muda mrefu, naona ananyanyua tena, ameinama tena, na nilijua anapambana na lile fundo kwa meno, na sijawahi maishani mwangu kuomba Mungu kwa ajili ya uzi. Halafu nikaona kitu cheupe majini. Nikamwambia kinakwenda. Akaniuliza kama kinakwenda moja kwa moja au kinayumba. Nikamwambia moja kwa moja. Hakuuliza tena, na saa tisa na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini, aliaga dunia, na boya lilikuwa bado linakwenda.

Kaka alifika jioni akiwa na ndoo. Alisimama mlangoni, akaelewa, akaiweka ndoo chini taratibu bila kumwaga maji, akaja akakaa, na swali lake kwangu lilikuwa moja tu, kama mkewe alijua kwamba lile fundo limeshika. Nikamwambia alijua. Kwa hiyo anayeuliza mume alikuwa wapi sasa ana jibu zima, alikuwa pale alipotumwa na mkewe, akifanya kitu cha mwisho alichoombwa, na alikifanya vizuri.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu, na mjini humu kote madirisha yanayofunguka na kufungika kwa kazi ya mikono yake. Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa ghorofa ya tatu, waliomtunza na wakauvumilia uzi kwenye chuma cha kitanda, inawashukuru majirani waliopika, waliokesha, na waliowahi kupoteza vijiko bila kuuliza, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa karakana ya mapazia, walioshona wenyewe kitambaa kilichofunika jeneza na kukitia vizito kwenye pindo ili kisipeperuke, na inamshukuru fundi magari kwa plagi zote zilizolala chini ya bahari hii.

Shemeji, kesho maji yanaanza kukupwa saa nne asubuhi. Nitakwenda na kaka, nitamsindikiza na kiti chake mpaka ukutani, kisha nitakaa mbali kama ulivyoniagiza, na akihangaika na lile fundo nitatazama upande mwingine, sitamsaidia, hata likimchukua asubuhi nzima. Pumzika sasa, mama, upumzike kwa amani.